Mifupa inauma, mawe katika figo: pengine ni kalsiyumu iliyozidi katika damu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vitu vinavyoonekana: kofia ya kazi, miwani, viatu, vumbi la mgodi. Leo tutazungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, ambalo linaweza kuvunja mfupa wa mtu bila jiwe kumwangukia. Ni kalsiyumu inapozidi katika damu kwa sababu ya tezi ndogo za shingoni zinazofanya kazi kupita kiasi.

Someni polepole, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

MAMA MMOJA ALIYEKUJA KWETU

Mama huyu ana miaka 54. Bwana wake anaendesha lori kubwa la kubeba mawe ya shaba kwenye shimo la wazi. Alikuja zahanati asubuhi moja, akakaa kwenye benchi akishika mgongo.

– Munganga, mifupa inaniuma kama mtu aliyebeba mifuko ya saruji usiku kucha.

– Inakuuma wapi, mama?

– Miguu, mgongo, mbavu. Hata kusonga bukari siwezi tena. Mkono unachoka mbele ya sufuria kujaa.

– Mama, hiyo ni umri. Mifupa yako inataka kalsiyumu.

Nikampa vidonge vya kalsiyumu pamoja na vitamini D. Alishukuru, akaenda. Vilipokwisha akarudi, nikampa vingine. Naye, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwamba ni dawa ya mifupa, akanunua nyingine sokoni, ile inayochemka katika kikombe cha maji, akawa anakunywa asubuhi na jioni.

Baada ya miezi mitatu alikuwa mtu mwingine. Kiu haikumwacha, na usiku aliamka mara nne au tano kwenda kukojoa. Jirani wakasema ni ugonjwa wa sukari, lakini tulipopima sukari haikuwa nyingi. Alikaa siku tano bila kupata choo. Chakula kilimchukiza. Maumivu makali yalimshika ubavuni yakashuka mpaka kinenani: lilikuwa jiwe la figo, na tena lilikuwa la pili katika miaka miwili. Kisha akaanza kusahau. Alisahau sufuria motoni, alisahau jina la mtu aliyezungumza naye sasa hivi, alilia bila sababu.

Ndipo maneno ya uchawi yalipoingia nyumbani. Katika nyumba hiyo kulikuwa mjukuu, msichana wa miaka 9, ambaye wazazi wake walikufa. Watu walianza kumnyooshea kidole: tangu mtoto huyu aingie, bibi anaharibika. Wakamnyima kulala chumba kimoja na wenzake. Wakapanga siku ya kumpeleka kwa watu wa kuombea ili akiri.

Mbele ya siku hiyo mama alianguka uani. Anguko lilikuwa dogo, la mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti, lakini mfupa wa mkono ulivunjika. Tukamtuma hospitali kubwa. Daktari wa huko aliunganisha mambo: mifupa, mawe ya figo, kiu, choo kigumu, kusahau. Akaomba kipimo kimoja cha damu ambacho mimi sikukiomba hata mara moja. Kalsiyumu ilikuwa miligramu 131 katika lita moja ya damu. Kwa kawaida haipiti 105.

Maana yake ni kwamba mama alikuwa na kalsiyumu nyingi mno, nami nilikuwa ninamwongezea. Ninaandika hili bila kuficha, kusudi lisitokee tena, kwetu sisi waganga wala kwenu nyumbani.

KALSIYUMU INAFANYA KAZI GANI?

Kalsiyumu ni madini, kama shaba na chuma zilivyo madini. Mwili wa mtu mzima una kadiri ya kilo moja. Sehemu 99 kati ya 100 zimo katika mifupa na meno, ndizo zinazoifanya mifupa kuwa migumu. Sehemu ndogo iliyobaki inatembea katika damu na katika nyama ya mwili. Sehemu hiyo ni ndogo, lakini bila yake misuli haijikunji, moyo haupigi vizuri, mishipa ya fahamu haipeleki habari na damu haigandi kwenye kidonda.

Kwa hiyo mwili hauachi kalsiyumu ya damu ipande na kushuka ovyo. Ikipungua mno, misuli inakakamaa. Ikizidi mno, misuli inalegea na akili inalala. Kuna walinzi waliowekwa kwa kazi hiyo.

WALINZI WANNE WA SHINGONI

Mbele ya koo kuna tezi inayoitwa tiroidi, ile ambayo ikivimba watu huona uvimbe shingoni. Nyuma yake kumejificha tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Zinaitwa paratiroidi, maana yake zilizo kando ya tiroidi. Jina linafanana, lakini kazi ni tofauti kabisa. Daktari Ivar Sandström wa Uswidi ndiye aliyezieleza katika mwili wa mtu mwaka 1880.

Fikirini mtunza depo la kampuni. Mifupa ndiyo depo, na damu ndiyo mahali pa kazi panapohitaji vifaa. Mtunza depo anaangalia: vikipungua kazini, anafungua mlango na kutoa, vikitosha, anafunga. Tezi hizi zinafanya vivyo hivyo. Kalsiyumu ya damu ikipungua zinatoa homoni, yaani maji ya kupeleka amri. Amri hiyo inakwenda mahali pawili. Mifupa inaambiwa itoe kalsiyumu. Figo zinaambiwa zisiitupe ovyo katika mkojo, na tena zitengeneze vitamini D yenye nguvu ili matumbo yachukue kalsiyumu zaidi katika chakula. Damu ikishapata ya kutosha, tezi zinanyamaza.

Ugonjwa unaanza pale tezi moja inapokataa kunyamaza. Mara nyingi, karibu watu 85 katika 100, tezi moja tu imeota kivimbe. Si saratani, saratani ya tezi hizi ni nadra sana, haifiki mtu mmoja kwa 100. Kwa wengine tezi zaidi ya moja zimekua. Mtunza depo huyo haangalii tena kama kazini pamejaa. Anatoa mchana na usiku, na depo linakwisha.

Kwa hiyo maneno mawili yanayoonekana kupingana ni kweli kwa wakati mmoja: damu ina kalsiyumu nyingi, na mifupa ina kalsiyumu kidogo. Anayemeza vidonge hajazi depo. Anaongeza mzigo mahali palipokwisha kujaa.

MADHARA YAKE MWILINI

Mifupa. Inauma, inakuwa myepesi, inavunjika kwa anguko dogo. Mgongo unaweza kupinda na mtu kufupika.

Figo. Kalsiyumu nyingi inapita katika mkojo na kugandamana kuwa mawe. Tena figo zinashindwa kushika maji, ndiyo sababu ya kukojoa sana na kiu. Miaka ikipita, figo zinaweza kuchoka kabisa.

Tumbo. Choo kigumu, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, maumivu ya tumbo. Mara nyingine kongosho linawaka, na hiyo ni hatari.

Akili na roho. Uchovu, huzuni, kusahau, mawazo mazito, kukasirika upesi. Kalsiyumu ikipanda mno mtu anachanganyikiwa na kulala kama mlevi.

Moyo. Mapigo yanaweza kwenda ovyo.

Si kila mgonjwa anapata yote. Wengine wana kalsiyumu iliyozidi kidogo tu na hawasikii kitu kwa miaka mingi. Ugonjwa huu unawapata zaidi wanawake, karibu watatu kwa mwanaume mmoja, hasa waliokoma kuona mwezi. Wanaume nao hawakuachwa.

KWA MTU WA MGODI, HATARI NI MARA MBILI

Anayefanya kazi penye joto anatoka jasho jingi. Kama ana ugonjwa huu, anapoteza maji kwa jasho na tena kwa mkojo. Maji yakipungua mwilini, kalsiyumu inazidi kupanda; ikipanda, figo zinamwaga maji zaidi. Hivyo mtu anaweza kuingia kazini akiwa amechoka tu, na akatoka amebebwa.

Tena fikirini dereva, au fundi wa umeme, au mtu wa baruti, anayesahau na kusinzia. Makosa yake hayamwumizi yeye peke yake. Kapita akiona mtu aliyekuwa hodari amekuwa mzito wa mawazo, asiseme mara moja kwamba ni pombe au uvivu. Amtume zahanati kwanza.

KONDAKTA WA TRAMU WA VIENNA

Si sisi tu tuliokosea. Katika mji wa Vienna, huko Austria, kulikuwa mfanyakazi mmoja, kondakta wa tramu. Mifupa yake iliuma na kudhoofika hata akashindwa kutembea. Wakati huo waganga wengi walifikiri kwamba tezi za paratiroidi zinakua ili kusaidia mifupa iliyougua, kwa hiyo zinahitaji kuongezewa nguvu. Daktari wake, Felix Mandl, alimpa kwanza dawa iliyotengenezwa kwa tezi kama hizo. Haikusaidia. Akampandikizia tezi za mtu aliyekufa kwa ajali. Nazo hazikusaidia. Mwaka 1925 akafanya kinyume: alifungua shingo, akaona tezi moja iliyovimba, akaitoa. Maumivu yakapungua, na mtu aliyekuwa wa kitandani akasimama akatembea tena.

Miaka kadhaa baadaye ugonjwa ulimrudia, lakini tangu siku ile waganga walijua mwizi wa mifupa anakaa wapi. Basi, tujifunze kwa kondakta yule: mbele ya kuongeza, pima kwanza kama kimepungua au kimezidi.

MAMBO YANAYOSEMWA KAMBINI

«Ni chokaa cha kiwandani.» Wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha madini wanashika chokaa, na ni kweli chokaa kina kalsiyumu. Vumbi lake linachoma macho na ngozi na kuumiza kifua: vaeni miwani, glavu na kinga ya pua. Lakini si hilo linaloivimbisha tezi.

«Ni maji yetu.» Mnaona birika inavyokuwa nyeupe ndani. Hiyo ni kalsiyumu ya mawe ambayo maji yalipita. Haileti ugonjwa huu. Anayeogopa maji na kunywa kidogo anajitafutia mawe ya figo.

«Ni mchawi.» Kipimo cha damu kilionyesha kitu gani kinamwumiza mama yule. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuivimbisha tezi ya mtu.

«Kalsiyumu ni dawa ya mifupa, haina madhara.» Ni dawa kwa mwenye upungufu. Kwa mwenye ziada ni sumu.

JINSI YA KUUJUA NA KUUTIBU

Mwanzo ni kipimo cha damu, cha kawaida na cha bei ndogo kuliko vipimo vingi. Kalsiyumu ya mtu mzima inakaa kadiri ya miligramu 85 mpaka 105 kwa lita. Laboratuari nyingine zinaandika kwa milimoli, 2,1 mpaka 2,6. Ikizidi, daktari anaipima mara ya pili ili kuhakikisha, kisha anaomba kupima homoni ya paratiroidi yenyewe. Kalsiyumu ikiwa juu na homoni nayo haikushuka, basi tezi ndizo zenye kosa.

Kalsiyumu ikiwa juu lakini homoni iko chini, daktari anatafuta sababu nyingine: saratani iliyoingia mifupani, vitamini D iliyozidi, na hata kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi watu wa migodi tunaujua vizuri. Tena kuna dawa zinazopandisha kalsiyumu, kama zile za kukojozesha za aina ya tiazidi ambazo wengine wanapewa kwa presha. Usiache dawa yako ya presha kwa woga, mwonyeshe daktari.

Dawa inayoondoa ugonjwa ni upasuaji wa kuitoa tezi mbovu. Tezi tatu zinazobaki zinatosha. Mikononi mwa daktari aliyezoea kazi hiyo, wagonjwa kama 95 katika 100 wanapona. Upasuaji unashauriwa hasa kwa mwenye mawe ya figo, mwenye mifupa iliyodhoofika au kuvunjika, mwenye figo zilizochoka, mwenye kalsiyumu ya juu sana, na kwa mtu ambaye hajafika miaka 50. Wengine wanaweza kungoja, huku wakipimwa damu kila mwaka.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usinunue kalsiyumu wala vitamini D sokoni kwa sababu mifupa inauma. Wala usiombe shindano ya kalsiyumu kwa mtu wa mtaani. Mjamzito au mtoto aliyeandikiwa na daktari aendelee kama alivyoambiwa.

2. Mtu aliyepata jiwe la figo mara mbili, au aliyevunjika mfupa kwa anguko dogo, aombe apimwe kalsiyumu. Usione haya kusema: «Munganga, je, kalsiyumu yangu imepimwa?»

3. Mwenye kiu na kukojoa sana, na sukari yake si nyingi, apimwe pia.

4. Kunywa maji ya kutosha, hasa kazini. Mkojo mweupe ni dalili nzuri; mkojo wa rangi ya chai unasema unywe.

5. Usijinyime chakula. Kapenta, lengalenga, sombe na maziwa ni vyakula vyema. Hata mgonjwa wa ugonjwa huu anakula kama kawaida, maana akijinyima, tezi inazidi kuiba mifupani.

6. Tembea. Anayelala kitandani siku nyingi anapoteza mifupa zaidi.

7. Peleka zahanati dawa zote unazokunywa, hata zile za mfumu na za sokoni. Hatutakugombeza.

8. Nenda hospitali mara moja, mchana au usiku, ukiona: kutapika bila kukoma, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, udhaifu mkubwa, mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo. Kalsiyumu ikipita miligramu 140 kwa lita, hiyo ni hatari ya kifo, na dawa ya kwanza ni maji mengi ya kutia katika mshipa.

MAMA ANAENDELEAJE?

Aliacha vidonge, akatiwa maji, akapumzishwa mpaka kalsiyumu iliposhuka. Kisha akapasuliwa. Tezi iliyotolewa ilikuwa kadiri ya haragi moja.

Usiku wa pili midomo na vidole vyake vilianza kumchoma kama sindano, mikono ikakakamaa. Bwana wake akaogopa. Lakini hilo linajulikana: mtunza depo mbovu alikuwa ameondoka, tezi zilizolala zilikuwa bado hazijaamka, na mifupa yenye njaa ilikuwa inavuta kalsiyumu yote. Ndipo daktari alipoagiza vidonge vya kalsiyumu, na safari hii vilikuwa dawa yake ya kweli. Mama alivitazama, akanitazama mimi niliyekuja kumsalimu.

– Munganga, hivi si ndivyo ulivyoniambia niache?

– Ndivyo, mama. Ila leo tumepima kwanza.

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu aje zahanati kwetu.

Sasa mifupa yake haiumi kama zamani, ingawa itachukua mwaka au zaidi kurudisha nguvu. Hajapata jiwe jingine. Anakumbuka sufuria yake motoni. Mjukuu amerudi kulala chumba kimoja na wenzake, na bwana wa mama alisimama mbele ya jamaa yote akasema kwamba mtoto hakukosa kitu. Mtoto mwenyewe ndiye anayemsomea bibi karatasi ya tarehe za kupimwa damu.

Ndugu wasomaji, uchovu si uvivu siku zote, wala kusahau si uzee siku zote. Maumivu ya mifupa yasitibiwe kwa kubahatisha. Nami, tangu siku ile, kila ninaposhika chupa ya kalsiyumu, ninajiuliza kwanza: je, tumepima?